Hodi ya Skolastika

Kabla hajagusa tumbo la mtu, Skolastika Mlelwa hupiga hodi. Alifundishwa hivyo na mkunga mkuu wa hospitali aliyojifunzia kazi, mama mmoja mkali asiyecheka hata siku ya sikukuu, aliyekuwa akisema tumbo la mzazi ni nyumba yenye watu, na mwenye adabu haingii nyumba ya watu kimya kimya. Basi ndivyo: unasugua viganja vipate joto, kwa maana Njombe ni baridi na mkono wa baridi ni tusi, unasema hodi, unasubiri. Mama akisema karibu, ndipo mkono unashuka. Asiposema, unangoja. Wenzake waliiacha tabia hiyo siku waliyopata vyeti. Skola hakuiacha, na ndiyo iliyomponza.

Asubuhi ya siku ya saba tangu Nyamizi afariki, mzazi aliyekuwa akimhudumia, Skola aliingia kibandani kwake katika Ukumbi wa Mikono, akaweka kikombe cha chai pembeni, akavaa glavu. Vibanda vilikuwa kumi na vinne, safu mbili, na ndani ya kila kimoja mkunga mmoja akipapasa hewa. Asiyejua angedhani ameingia wodi ya vichaa wapole. Kumbe mikono yao ilikuwa kazini mbali: katika kila zahanati iliyounganishwa na ukumbi ule, juu ya kitanda cha kujifungulia, ilining'inia mikono miwili ya mpira laini yenye joto la mwili wa binadamu. Skola akikunja kidole Njombe, kidole kilikunjika upande wa Tabora, mwendo wa siku nzima kwa basi. Na kilichoguswa kule kilimrudia vidoleni kwa mtetemo: ugumu, ulaini, joto, mapigo ya moyo wa mtoto.

Walianza hivyo kwa sababu ya Mgeni. Watu waliuita ugonjwa ule Mgeni kwa kuogopa kuutaja jina. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walisema wahenga; huyu alikuwa na mwaka wa pili, na jembe alilopewa alichimbia makaburi. Wakunga ndio walioanza kuisha, maana kazi yao ni kukaa usoni pa mtu anayehema. Waliobaki wakafungiwa Njombe na glavu zao, na wanawake wakaendelea kuzaa kama kawaida, kwani mimba haijui karantini.

Skola alinyanyua kikombe, akanywa, akaona kidole chake kimekuwa chekundu. Chai ilikuwa ya moto sana. Hakuwa amehisi. Miezi kumi na nne ya mitetemo ilikuwa imemla ncha za vidole, na tangu Jumanne ile ya kifo, ganzi ilikuwa imepanda ikapita vidole, ikafika pasipo na jina. Alipoambiwa kwamba Nyamizi amekufa, alisema "sawa," akaenda kula ubwabwa. Alikula wote. Alijishangaa kidogo, kisha hata kujishangaa kukaisha.

Simu ya kibandani ikalia. Alikuwa Mgole, mhudumu wa Zahanati ya Igumila, mtu pekee mwenye mikono ya nyama aliyebaki kule.

"Sista Skola, za asubuhi?"

"Nzuri, Mgole. Mtoto vipi?"

"Mtoto anakunywa maziwa utadhani analipwa. Sista, kuna jambo. Mama Nyamizi yuko hapa. Anasema leo ni siku ya saba, anataka kumtoa mtoto nje. Anataka kumleta kwenye mikono, umshike."

"Kwa nini mimi?"

"Si ndiyo mikono iliyomshika mama yake mpaka mwisho," alisema Mgole, naye alisema kwa wema kabisa. "Anasema atamwita jina lako."

Skola alitazama kidole chake chekundu. Akasema atampigia saa tisa alasiri, zamu ikitulia.

*

Sasa, ni lazima ielezwe mikono ile ilikuwa ya nani.

Wakunga kumi na wanne hawatoshi zahanati sitini na moja; hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza. Kwa hiyo wakubwa walitengeneza mwangwi. Walimkalisha Skola siku nzima mbele ya tumbo la mpira, wakamwambia: sugua, papasa, shika mkono, kanda kiuno. Kila alichofanya kikahifadhiwa. Tangu hapo mama aliyekuwa akisubiri zamu yake aliweza kupewa mkono wa Skola usiokuwa na Skola ndani yake. Walimchagua yeye kwa sababu ya hodi. Majaribio yalionyesha kwamba mama anayebishiwa hodi presha yake hushuka. Basi hodi nayo ikahifadhiwa, kwa sauti yake mwenyewe ya kwao Njombe: hodi, sekunde nne za kusubiri, halafu mkono unashuka. Siku ya mapumziko, Skola akifua nguo zake nyumbani, mikono yake ilikuwa ikifariji wanawake arobaini.

Wanawake hawakuambiwa. Kwenye mafunzo walielezwa kwamba mama akijua anashikwa na mtambo, huogopa, na woga huzuia uchungu. Skola alikubali. Ilionekana kuwa na akili.

Kulikuwa na sharti moja tu, limebandikwa kwenye mlango wa kila kibanda: mwangwi ni wa kufariji, si wa kupima. Lakini mkunga ana kazi moja inayokaa katikati ya hayo mawili. Mtoto akishatoka na kondo la nyuma likishatoka, tumbo la uzazi husuguliwa ili lijikaze na kufunga damu. Unasugua, unapumzika, unasugua, saa nzima na zaidi. Inachosha mabega na haina sifa yoyote. Ukumbini walianza kuiachia mwangwi, mmoja leo, mwingine kesho, hata ikawa desturi na ikapata jina, "kusugua kwa mwangwi," na wakunga wapya walifundishwa siku ya kwanza pamoja na mahali pa choo. Kusugua ni kusugua, walisema. Walisahau kwamba mkono unaosugua huwa unasikiliza pia. Tumbo lililojikaza ni gumu kama chungwa bichi. Lisilojikaza ni laini kama unga uliozidi maji, na huo ulaini ndio unaokwambia damu inaondoka. Mwangwi haukuhisi ugumu wala ulaini. Ulisugua tumbo la mpira la siku ile ya kurekodi.

Jumanne, Nyamizi wa Igumila alijifungua salama, mtoto wa kike. Alikuwa na Mgeni, kwa hiyo Mgole alimchukua mtoto chumba cha pili, na mama yake Nyamizi alibaki nje, kwenye dirisha la kioo, kama sheria ilivyotaka. Mara kengele ya Ludewa ikalia: mtoto ametanguliza makalio. Skola aliweka mwangwi usugue Igumila, akahamia Ludewa. Alikaa dakika arobaini. Mtoto wa Ludewa alitoka mzima, na Skola aliporudi Igumila alipiga hodi na hakujibiwa. Alisubiri, akapiga tena, kisha kwa mara ya kwanza katika maisha yake akashusha mkono bila kukaribishwa. Tumbo lilikuwa laini. Shuka, Mgole alisema baadaye, ilikuwa nzito kwa damu.

Mtambo huhifadhi sauti zote. Skola alikuwa amezisikiliza mara moja tu, Jumatano, peke yake. Katika dakika arobaini mwangwi ulipiga hodi mara nane, kila baada ya dakika tano. Nyamizi alijibu mara saba. Karibu. Karibu, sista. Ya nne aliongeza, "Nasikia baridi." Ya saba ilikuwa pumzi tu. Hodi ya nane haikujibiwa, na baada ya sekunde nne mkono ulishuka hivyo hivyo, ukaanza kusugua.

*

Saa nne kasoro aliitwa na msimamizi wa ukumbi, Mzee Ngailo, mkunga wa kiume aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Alikuwa amemzika mkewe katika wimbi la kwanza, naye alirudi kazini siku ya pili kwa sababu hapakuwa na mwingine. Hakuna aliyemwita mtu mbaya, wala hakuwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, Skola. Ni hii fomu ya Igumila tu. Siku saba zinaisha leo."

Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Fomu ya kifo cha mzazi ilikuwa imeshajazwa, imebaki alama ya kidole cha mkunga. Skola alisoma taratibu. Kwenye mstari uliouliza mkono ulikuwa wa namna gani, hai au mwangwi, palikuwa pameandikwa: hai.

"Hapa si kweli," alisema.

"Najua."

"Nilikuwa Ludewa."

"Najua ulikuwa Ludewa, mwanangu, nilikuwa natazama. Uliokoa mtoto Ludewa." Ngailo alivua miwani. "Sikiliza. Ukiandika mwangwi, mtambo haumwombi mtu ruhusa. Neno hilo likikaa fomu moja na kifo, mwangwi unazimika kila mahali mpaka uchunguzi uishe. Leo asubuhi kuna wanawake arobaini na tatu wenye uchungu. Ninyi ni kumi na wanne. Toa wewe mwenyewe uone wanabaki wangapi wasio na hata mkono wa kudanganyia."

Skola alitoa. Ishirini na tisa.

"Na mama yake," Ngailo aliendelea, polepole sasa. "Mgole kaniambia. Yule mama anashukuru. Unataka umpelekee nini? Ukweli? Auweke wapi? Kila msiba na mwiko wake, Skola. Hiyo desturi ya kusugua kwa mwangwi tutaikataza. Nitawaita wote niwaambie wenyewe, kimya kimya."

"Lini?"

"Wimbi hili likishapita."

Skola alimtazama. Alijua alipaswa kukasirika, akaitafuta hasira kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko mtupu. Badala yake likamjia swali, likatoka bila uzito wowote.

"Mzee, hii ni ya ngapi?"

Ngailo alifuta miwani kwa ncha ya koti, akaivaa, akaivua tena.

"Ya nne," alisema.

"Na hizo tatu ziliandikwaje?"

"Skola."

"Ziliandikwa hai."

"Wale wakunga watatu wapo hapo ukumbini, wanafanya kazi. Ungejua ni akina nani ungewasalimia? Usingewasalimia. Ndiyo maana hujui."

Nje ya mlango sauti ya Skola ilikuwa ikisikika kutoka kibanda fulani, ikipiga hodi kwa mwanamke fulani, tamu na tulivu, haina habari. Skola aliisikiliza. Alikumbuka alivyofundishwa kwamba mwenye adabu haingii kimya kimya. Hakufundishwa kwamba inawezekana kupiga hodi na kuwa mwizi. Akavuta kioo, akafuta neno hai. Akaandika: *Mwangwi. Mkunga alikuwa Ludewa. Tumbo lilisuguliwa na mtambo dakika arobaini, na hii ndiyo desturi yetu sote.*

"Usiweke kidole," alisema Ngailo. Hakuwa anaamuru. Alikuwa anaomba.

Akaweka kidole. Kilikuwa kile kilichoungua, na kioo kilikataa mara mbili kukisoma. Mara ya tatu kikakubali.

*

Kengele zilianza kabla hajafika kibandani. Katika zahanati ambako mikono ilikuwa ikikanda viuno, mikono ilisimama. Wanawake walipiga kelele, wengine kwa uchungu, wengine kwa kuona mkono wa sista umekufa ghafla juu ya tumbo. Taa nyekundu zilijaa ukutani.

Tumpe, mkunga wa kibanda cha jirani, aliyekuwa akimgawia Skola maandazi kila asubuhi, alichungulia juu ya ukuta wa mbao. Mikono yake ilikuwa bado inafanya kazi hewani.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umetuua, Skola. Umetuua na hao wanawake." Machozi yalimtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Ungesubiri basi hata jioni!"

Skola alivaa glavu. Alimpigia hodi mama wa Makete, akajibiwa, akampima, akamwambia kweli, dada, bado, nitarudi, nikiondoka mkono utalala, usiogope, mimi nimekwenda kwa mwenzako. Akaenda kwa mwenzake. Akarudi. Wengine walimtukana. Mmoja alimwuliza kama ana watoto, naye akasema hana, na mwanamke yule akasema haishangazi. Wa Sikonge alizaa peke yake na Skola alimkuta mtoto ameshalia. Hadi saa nane wanawake kumi na mmoja walikuwa wamejifungua katika ukumbi mzima, na mtoto mmoja wa Kiomboi hakuvuta pumzi. Mkunga wake alikuwa katikati ya wawili. Huenda mwangwi usingemsaidia. Huenda mama angetulia, angesukuma vizuri. Hilo halijulikani, na Skola alijua kwamba atazeeka nalo bila kulijua.

Aliyasikia yote hayo kama mtu anayesikia redio ya jirani.

*

Saa tisa alipiga Igumila. Kioo kilimwonyesha chumba kilichosafishwa, kitanda kimetandikwa kitenge, na Mama Nyamizi amesimama kando, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mrefu, khanga kichwani, mtoto kifuani. Mgole alikuwa mlangoni, na barakoa yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mwenzio." Mama Nyamizi alimlaza mtoto kwenye kitenge, chini ya mikono ya mpira iliyoning'inia, akamfunua uso. "Huyu hapa Skolastika. Nataka umguse. Ile siku nilikuwa dirishani, nikasikia unapiga hodi, na mwanangu anajibu karibu. Nikasema, sista yupo, moyo wangu ukatulia. Nikaenda kumpikia uji."

Hapo Skola alielewa uzito wa alichobeba. Akisema ukweli, uji ule hautakumbukwa tena vivyo hivyo. Mama huyu, akilini mwake, ataondoka tena dirishani kila siku ya maisha yake.

"Mama," alisema, "kaa kwanza."

"Nimekaa sana. Sema."

"Sikuwepo."

Mama Nyamizi alitazama kamera kama anayetazama mtu asiyesikia vizuri.

"Nilimzalisha mimi. Kisha nikaitwa kwa mwingine, nikaacha mtambo umsugue. Una sauti yangu, una mkono wangu, lakini hauhisi. Mkono wangu ungehisi damu. Mtambo haukuhisi. Alivuja dakika arobaini na mimi nilikuwa Ludewa."

Mgole aliziba mdomo juu ya barakoa. Hakuwa akijua, hakuna aliyemwambia.

"Alikuwa anasema karibu," alisema Mama Nyamizi.

"Ndiyo."

"Kwa nani?"

"Kwa sauti yangu. Nyuma yake hapakuwa na mtu."

Mama Nyamizi alishika ukingo wa kitanda. Hakulia. Alisema, kana kwamba anajieleza mbele ya baraza, "Mimi nilikwenda kupika uji. Ningejua hayupo mtu, ningebaki dirishani. Ningeona uso wake unavyobadilika. Mimi ni mama yake, ningeona."

"Ungeona," alisema Skola, kwa sababu ilikuwa kweli. "Kosa ni letu, mama. Wewe ulidanganywa."

Ukutani nyuma ya Skola taa ya Makete iliwaka, ikafuata ya Sikonge.

"Na sasa hivi?" aliuliza Mama Nyamizi. "Huyo anayesema na mimi ni nani?"

"Ni mimi."

"Nitajuaje?"

Lilikuwa swali la haki, na Skola akakumbuka jambo moja.

"Nitapiga hodi," alisema. "Usinijibu. Mtambo hungoja sekunde nne, halafu hushusha mkono, ukaribishwe usikaribishwe. Mimi sishuki mpaka uniambie."

Alisugua viganja, ingawa mpira ulikuwa na joto lake. Akanyoosha mikono, na kule Igumila mikono ikanyooka juu ya mtoto, shibiri moja kutoka kifuani pake.

"Hodi," alisema.

Mama Nyamizi hakujibu. Moja, mbili, tatu, nne. Macho yake yalikuwa kwenye vidole vya mpira. Kumi. Ishirini. Mtoto alipiga mwayo. Tumpe aligonga ukuta wa mbao akisema Skola, Makete, Skola, mchukue wa Makete, kisha Skola akamsikia akimchukua mwenyewe huku akilaani. Dakika ya kwanza ikaisha. Mabega yalianza kuuma, kwanza kidogo, halafu sana, maumivu ya kweli yaliyoteremka mpaka vidoleni na kukuta kile kilichoungua, nacho kikaanza kuwaka. Skola alishtuka. Machozi yalimtoka, akayaacha, maana mikono haikuwa yake ya kufutia.

"Bado upo?" aliuliza Mama Nyamizi.

"Bado nipo, mama."

Mama Nyamizi hakusema karibu. Hakumwondoa mtoto pia. Alivuta kiti, akaketi kando ya kitanda, akaitazama mikono ile iliyokuwa imeanza kutetemeka, na Skola akaendelea kuishikilia hewani.